Ukimya wa Kitabu cha Ubatizo: Uhakiki wa Vitabu vya Parokia na Sensa kama Vyanzo vya Nasaba za Familia za Vijijini katika Eneo la Maziwa Makuu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki aina mbili za nyaraka zinazotegemewa na watafiti wa nasaba katika eneo la Maziwa Makuu, yaani vitabu vya parokia na sensa za watu. Mifano imetolewa Buganda, Bukoba, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, sehemu ambazo historia zake za kimisioni zimefungamana ingawa leo zimo katika dola tano. Hoja kuu ni kwamba kila waraka hujibu swali la aliyeuandika. Kitabu cha ubatizo hujibu swali la sakramenti, na sensa hujibu swali la idadi. Wala kimoja hakikukusudiwa kujibu swali la ukoo. Kwa sababu hiyo, kukosekana kwa jina la babu katika nyaraka hizo hakuthibitishi kwamba babu huyo hakuwepo. Suala hili lina uzito wa pekee pale ambapo nasaba hutumiwa kuamua uraia. Makala yanahitimishwa kwa mapendekezo kwa watafiti, watunzaji wa nyaraka na watunga sera.

1.0 Utangulizi

Swali la babu yako ni nani na aliishi wapi ni la kawaida katika jamii zetu. Huulizwa wakati wa posa, wakati wa matanga na wakati wa kugawa shamba. Katika eneo la Maziwa Makuu swali hilohilo limekuwa pia swali la kisheria. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 10, humtambua kuwa raia wa kuzaliwa mtu aliyezaliwa nchini humo ambaye mmoja wa wazazi au wa babu na bibi zake ni wa jamii ya wenyeji iliyokuwa ikiishi ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Februari 1926, na iliyoorodheshwa katika jedwali la Katiba. Tarehe hiyo ndiyo ambayo mipaka ya Uganda ilifikia umbo lake la sasa baada ya eneo la Rudolf kuhamishiwa Kenya. Nchini Kongo, sheria ya uraia ya mwaka 1981 ilirudi nyuma zaidi: ilitaka nasaba ya mwombaji ifike kwa makabila yaliyokuwa ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885. Sheria ya mwaka 2004 ililegeza sharti hilo kwa kulisogeza hadi wakati wa uhuru wa mwaka 1960. Nchini Tanzania, mwaka 2013, Operesheni Kimbunga iliwaondoa maelfu ya watu mkoani Kagera na mikoa jirani kwa kuwahesabu kuwa wahamiaji haramu.

Mtu wa kijijini anapotakiwa kuonyesha asili yake, karatasi kongwe anayoweza kuifikia mara nyingi ni ya parokia. Hati ya shamba haipo, kwani shamba lilirithiwa kwa mila. Cheti cha kuzaliwa hakipo, kwani uandikishaji wa vizazi ulichelewa kuwafikia Waafrika wa vijijini. Kinachobaki ni kitabu kikubwa chenye jalada gumu katika ofisi ya paroko, na matumaini kwamba serikali nayo ina jina la babu katika fomu za sensa.

Uhakiki wa vyanzo hivi, kwa hiyo, una matokeo nje ya vyumba vya mihadhara. Afisa asiyejua jinsi kitabu cha ubatizo kilivyoandikwa anaweza kukisoma vibaya, na anayeumia ni mtu aliyesimama mbele ya meza yake. Makala haya yanavisoma vyanzo hivi kama matini: nani aliandika, kwa lugha gani, kwa kanuni zipi, na nini kilichoachwa nje.

2.0 Mbinu Iliyotungwa kwa Mashamba Mengine

Mbinu ya kutafuta nasaba kwa kuoanisha vitabu vya kanisa na sensa ilikomaa Ulaya na Marekani. Nchini Uingereza, parokia ziliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko tangu mwaka 1538. Kuanzia mwaka 1841 sensa nazo zilihifadhi majina ya watu, na fomu zake hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 100. Za mwaka 1921 zilifunguliwa mwaka 2022. Nchini Marekani muda wa kusubiri ni miaka 72, na sensa ya mwaka 1950 ilifunguliwa mwaka huohuo wa 2022. Mtafiti wa huko huanza na sensa, akapata kaya, kisha akarudi kwenye kitabu cha parokia kuthibitisha wazazi.

Mbinu hiyo imesimama juu ya nguzo tatu. Ya kwanza ni jina la ukoo linalorithiwa kutoka kwa baba hadi mtoto. Ya pili ni kwamba karibu kila mtu kijijini hupita mbele ya kasisi yuleyule. Ya tatu ni sensa yenye majina ambayo hatimaye hufunguliwa. Katika eneo la Maziwa Makuu nguzo zote tatu hazipo, au zipo kwa namna nyingine kabisa.

Tuanze na jina. Katika mila za Rwanda na Burundi, mtoto hupewa jina lake mwenyewe lenye maana yake, na jina hilo halikuwa la kurithiwa. Ndugu watatu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matatu yasiyofanana hata kidogo, na lolote kati yake lisiwe la baba yao. Katika Buganda hali ni tofauti, kwani kila ukoo una hazina yake ya majina, na jina huweza kumtambulisha mtu kwa ukoo wake ingawa halimtaji baba yake. Anayeingia katika kitabu cha parokia ya Rwanda akiwa na mazoea ya Kiingereza, akatafuta watu wenye jina moja la mwisho ili awaunganishe kuwa familia, atawaunganisha wasiohusiana na kuwatenganisha waliozaliwa nyumba moja.

3.0 Kitabu cha Parokia kama Matini

3.1 Safu za kitabu

Vitabu vya parokia za Kikatoliki vina asili ya kisheria. Mtaguso wa Trento uliagiza mwaka 1563 kwamba ndoa ziandikwe, na kitabu cha ibada cha Roma cha mwaka 1614 kikaorodhesha vitabu vitano: vya ubatizo, kipaimara, ndoa, hali ya roho na vifo. Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Lavigerie mwaka 1868, walifika Buganda mwaka 1879 wakiwa na desturi hiyo. Leo sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 877, zinataja yanayopaswa kuandikwa: jina la aliyebatizwa, mhudumu, wazazi, wasimamizi, mashahidi kama wapo, mahali na tarehe ya ubatizo, na mahali na tarehe ya kuzaliwa.

Orodha hiyo ni ya kusomwa kwa yaliyomo na kwa yasiyomo. Ukoo haumo. Mwiko wa ukoo haumo. Babu na bibi hawamo. Kwa jamii ambazo mtu hutambulishwa kwanza kwa ukoo wake, kitabu kimeacha swali la kwanza na kuandika mengine. Lawama haipo hapa, kwa kuwa mwandishi hakuwa akitafuta ukoo. Alitaka kujua nani amepokea sakramenti, ili asiipokee mara ya pili na ili ndoa yake ya baadaye iwe halali.

Hata neno baba lina mtego wake. Katika Kiswahili ndugu wa kiume wa baba ni baba mkubwa au baba mdogo. Katika Kinyarwanda huitwa data wacu, yaani baba yetu. Katekista aliyemwuliza mtoto yatima baba yake ni nani angeweza kujibiwa kwa jina la baba mdogo aliyemlea, na jibu hilo lilikuwa la kweli katika lugha iliyotumika kujibu. Lilipoandikwa kwa Kilatini kama pater, upana wa neno ulipotea, na msomaji wa leo akapewa mzazi mmoja pale ambapo mila ilikuwa na kadhaa. Mtafiti anayekuta wanaume wawili tofauti wakitajwa kuwa baba wa mtu mmoja, mmoja katika kitabu cha ubatizo na mwingine katika kitabu cha ndoa, asikimbilie kusema kwamba kuna udanganyifu. Aulize kwanza nani alimzaa na nani alimlea.

Kwa upande mwingine, kitabu hiki kina sifa ambayo kumbukumbu ya ukoo haina. Katika jamii zenye kufuata ukoo wa kuumeni, masimulizi ya wazee huhifadhi mababu wa kiume na kuwasahau wake zao baada ya vizazi vichache. Orodha za walipa kodi ya nyumba na ya kichwa nazo zilimtaja mwanamume. Kitabu cha ubatizo, kwa kuwa kinadai wazazi wote wawili, kimeandika majina ya maelfu ya wanawake wa vijijini ambao hawakuandikwa kwingineko. Anayetafuta upande wa kuukeni ana mahali pachache pengine pa kwenda.

3.2 Majina ya ubatizo

Jina la ubatizo ni sehemu yenye kupotosha kuliko zote, kwa sababu huonekana kuwa rahisi. Tuchukue jina la mkuu wa vijana wafiadini wa Uganda, waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887 na kutangazwa watakatifu mwaka 1964. Katika Kilatini ni Carolus, katika Kifaransa ni Charles, katika Kiganda ni Kalooli, na katika Kiswahili ni Karoli. Mtu mmoja anaweza kubatizwa na padri Mfaransa, akaandikwa kwa Kilatini, akapewa cheti kwa Kiswahili na akazikwa kwa Kiganda. Atakuwa ameacha majina manne.

Sehemu ya pili ya jina hilo, Lwanga, ina somo zaidi. Kwa asili ni jina la Kiganda, lililofungamana na ukoo. Baada ya wafiadini kutangazwa wenye heri mwaka 1920, Karoli Lwanga likawa jina la ubatizo kwa ujumla wake, likapewa watoto wa Bukoba, wa Rwanda na wa mbali zaidi. Kwa hiyo jina la ukoo limegeuka jina la mtakatifu, na haliwezi tena kuchukuliwa kuwa alama ya ukoo wala ya asili ya Buganda. Anayeamua uraia wa mtu kwa kusikia tu jina lake angepaswa kukumbuka mfano huu.

Tatizo la majina lilikua zaidi kutokana na uhamaji. Kuanzia miaka ya 1920, wanaume wengi kutoka Rwanda na Burundi walikwenda Buganda kufanya kazi katika mashamba ya pamba na kahawa. Utafiti ulioongozwa na Audrey Richards, uliochapishwa mwaka 1954, ulionyesha jinsi wahamiaji hao walivyoingia katika maisha ya vijiji vya Kiganda, na baadhi yao walichukua majina ya Kiganda. Aliyebatizwa kwao kwa jina moja na kuoa Buganda kwa jina jingine hawezi kufuatwa kwa jina peke yake. Huhitaji alama nyingine, nayo huweza kupatikana pambizoni mwa ukurasa.

3.3 Pambizo

Amri ya Roma iliyojulikana kama Ne temere, ya mwaka 1907, iliagiza kwamba ndoa ya Mkatoliki iandikwe pia katika kitabu alimobatiziwa. Paroko aliyefungisha ndoa alitakiwa kupeleka taarifa kwa parokia ya ubatizo, na huko taarifa ikaongezwa pambizoni. Sheria za sasa zinaendeleza utaratibu huo.

Watafiti wengi hunakili safu za katikati na kuipuuza pambizo. Hilo ni kosa la mbinu. Pambizo ndiyo sehemu pekee ya kitabu inayomfuata mtu baada ya kuondoka kijijini. Ikiwa mtu alibatizwa katika parokia ya Bukoba na kuoa karibu na Masaka, maneno machache yaliyoongezwa kwa wino mwingine hutaja mwenzi wake, mahali na tarehe. Hapo ndipo uhamaji uliofichwa na mabadiliko ya majina unapodhihirika. Mradi wa kuhifadhi vitabu hivi kidijitali ukinakili safu na kuacha pambizo utakuwa umetupa sehemu yenye thamani kubwa zaidi kwa mtafuta nasaba.

3.4 Nafasi tupu

Kanuni ya 877 ina kifungu cha pili kinachohusu mtoto wa mama asiye na ndoa. Jina la mama huandikwa ikiwa umama wake unajulikana hadharani au akiomba mwenyewe kwa maandishi au mbele ya mashahidi wawili. Jina la baba huandikwa ikiwa lipo thibitisho la hati ya umma, au baba akikiri mbele ya paroko na mashahidi wawili. Bila hayo, jina la aliyebatizwa huandikwa bila kumtaja baba, na pengine bila kuwataja wazazi.

Nafasi tupu katika safu ya baba, basi, inaweza kuwa zao la kanuni. Baba angeweza kuwepo, akajulikana na kijiji kizima, akatoa mahari baadaye, na bado asiandikwe kwa kuwa hakwenda mbele ya paroko siku ile. Ukimya huu unazungumza juu ya masharti ya uandishi. Hauzungumzi juu ya damu.

Nafasi tupu kubwa zaidi ni ya wale ambao hawakuingia kitabuni kabisa. Lavigerie aliagiza mafunzo ya miaka minne kabla ya ubatizo wa mtu mzima, na wengi walifariki au waliacha kabla ya kufika. Misioni ya Save, ya kwanza ya Kikatoliki nchini Rwanda, ilianzishwa mwaka 1900, lakini wimbi kubwa la wongofu lilikuja katika miaka ya 1930, na Mfalme Mutara wa Tatu Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943. Familia nyingi za vijijini za Rwanda zinaanza kuonekana kitabuni katika kipindi hicho. Kuonekana kwao kunaonyesha mwaka wa kuongoka na hakusemi lolote kuhusu mwaka wa kufika katika nchi. Waislamu wa Nyamirambo jijini Kigali na wa Buyenzi jijini Bujumbura, ambao wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili kwa vizazi kadhaa, hawana sababu ya kuwemo katika vitabu hivyo hata kidogo.

Hapa ndipo ugumu wa sheria ya Kongo ya mwaka 1981 unapoonekana. Vituo vya Karema na Mpala, vinavyotazamana katika pande mbili za Ziwa Tanganyika, vilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe mwaka 1885. Mwaka uleule ambao sheria ilitaka mababu wathibitishwe, Kanisa la eneo hilo lilikuwa likianza tu kufungua kurasa zake. Sheria ilidai waraka kutoka wakati ambao waraka haukuwepo.

4.0 Sensa: Idadi Isiyo na Majina

Watu wengi huamini kwamba serikali, tofauti na Kanisa, ilimwandika kila mtu. Historia ya sensa katika eneo letu haithibitishi imani hiyo. Uganda ilihesabu watu mwaka 1911, 1921 na 1931, na Tanganyika mwaka 1921 na 1931, kwa kutegemea machifu na maafisa wa wilaya. Sensa ya kwanza iliyofuata mbinu za kitakwimu ilifanyika mwaka 1948 katika Tanganyika, Kenya na Uganda kwa pamoja. Rwanda ilifanya sensa yake ya kwanza ya jumla mwaka 1978 na Burundi mwaka 1979. Kongo imefanya sensa moja tu tangu uhuru, mwaka 1984.

Tuirejee tarehe 1 Februari 1926. Sensa mbili za Uganda zimeizunguka, ya 1921 na ya 1931, na zote mbili zimeacha majedwali ya jumla. Majedwali hayo yanaweza kumwambia mwanasheria kwamba jamii fulani ilikuwepo. Hayawezi kumwambia mwananchi kwamba bibi yake alikuwa mmoja wa waliohesabiwa. Sheria za takwimu za nchi zetu zinaagiza usiri wa taarifa za kaya, na takwimu zinazotolewa kwa watafiti huondolewa majina. Usiri huo ni wa lazima, kwani bila hiyo wananchi wasingejibu maswali ya makarani wa sensa kwa uaminifu. Lakini ni sharti ieleweke kwamba sensa, kama ilivyo sasa, si chanzo cha nasaba.

Upo pia mfano wa uandikishaji uliotaja watu mmojammoja, na ni mfano wa kutisha. Katika miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji nchini Rwanda uliwahesabu watu na kuwapa vitambulisho vilivyotaja kuwa ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Utambulisho uliokuwa ukiweza kubadilika ukagandishwa katika karatasi na kurithishwa kwa watoto. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, vitambulisho hivyo vilitumika vizuizini kuamua nani auawe. Koo za Rwanda, ambazo huwa na Wahutu, Watutsi na Watwa ndani ya ukoo mmoja, hazikuwa na nafasi katika kadi hiyo. Anayedai leo kwamba nyaraka zote zenye majina zifunguliwe bila masharti, kwa jina la historia ya familia, lazima ajibu kwanza somo hili.

5.0 Kutoka Jumla hadi Mtu Mmoja

Vitabu vya parokia vimewapa wanahistoria matunda mengi katika miaka ya karibuni. Shane Doyle, katika kitabu chake cha mwaka 2013, alivitumia kuchunguza uzazi na vifo katika Buganda, Buhaya na Ankole. Sarah Walters, katika makala ya mwaka 2016, alionyesha kwa mifano ya Tanzania jinsi vitabu vya Kikatoliki, hasa vile vya hali ya roho, vinavyoweza kujenga demografia ya kihistoria ya Afrika. Felix Meier zu Selhausen na wenzake, mwaka 2018, walitumia vitabu vya ndoa vya Kianglikana vya Uganda, ambavyo hutaja kazi ya bwana harusi na ya baba yake, kupima jinsi watoto walivyopanda au kushuka kijamii.

Tafiti hizi zinastahili heshima, na waandishi wake wanakiri kwamba Wakristo waliosoma hawawakilishi watu wote. Tatizo hujitokeza mbinu zao zinapohamishwa kutoka chuo kikuu hadi ofisi ya uhamiaji. Katika utafiti wa jumla, mtu asiyeandikwa ni sehemu ya kiwango cha makosa, na mtaalamu anaweza kukadiria ukubwa wa kiwango hicho. Katika maombi ya uraia au kesi ya urithi, mtu asiyeandikwa ni mama au babu wa mtu aliye hai. Hakuna hesabu ya kukadiria inayoweza kumrudisha. Tunachopinga, kwa hiyo, ni kuhamisha imani tunayoipa jumla na kuiweka juu ya ingizo moja, au juu ya kukosekana kwake.

Tofauti hii inadai mbinu tofauti. Mtafiti wa familia anapaswa kusoma ingizo moja pamoja na majirani zake: waliobatizwa siku ileile, wasimamizi wanaojirudia, na pambizo. Hata hapo ahadhari, kwani katika misioni changa katekista mmoja angeweza kuwasimamia watu wengi wasio jamaa zake. Kisha ayapeleke aliyoyapata kwa wazee. Masimulizi ya ukoo nayo yana kasoro zake, hasa tabia ya kuruka vizazi vya katikati, lakini kasoro hizo hazifanani na za kitabu. Pale ambapo vyanzo viwili vyenye kasoro tofauti vinakubaliana, hoja inakuwa na nguvu.

6.0 Mipaka ya Vikarieti na Mipaka ya Dola

Jambo la mwisho la kuhakikiwa ni mahali pa kutafuta. Mtafiti hudhani kwamba nyaraka za Rwanda ziko Rwanda na za Burundi ziko Burundi. Utawala wa Kanisa haukufuata mantiki hiyo. Mwaka 1894 Vikarieti ya Nyanza iligawanywa, na Askofu Hirth akabaki na Nyanza ya Kusini, akiongoza kutoka upande wa Bukoba. Kutoka hapo ndipo misioni ya Rwanda ilipoanzishwa, na makatekista Waganda walikuwa miongoni mwa waliofuatana na mapadri. Burundi ilikuwa chini ya Unyanyembe, yaani upande wa Tabora. Mwaka 1912 nchi hizo mbili ziliwekwa pamoja katika Vikarieti ya Kivu, na mwaka 1922 zikatenganishwa.

Katika miongo hiyo, barua na taarifa za misioni zilisafiri kwa njia ambazo leo zinakata mipaka ya kimataifa. Familia ya kijiji kimoja inaweza kuwa na ubatizo upande mmoja na ndoa upande mwingine. Hakuna nchi moja inayoweza kumaliza kazi hii peke yake. Ni suala la kikanda kwa asili yake, na Kiswahili kina nafasi maalumu ndani yake. Vitabu vimeandikwa kwa Kilatini na kwa lugha za Ulaya, ilhali wanaovihitaji wanazungumza Kiganda, Kihaya, Kinyarwanda, Kirundi na Kiswahili. Faharasa ya Kiswahili ya istilahi za vitabu hivi, inayoeleza kila safu ilidai nini na haikudai nini, ingemsaidia karani wa parokia na afisa wa uhamiaji kwa kiasi kilekile.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yameonyesha kwamba vitabu vya parokia ni hazina kubwa inayosomwa vibaya, na kwamba sensa za eneo letu hazina majina ya kumpa mtafuta nasaba. Kutokana na uhakiki huo, tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, mamlaka za uraia na mahakama ziweke wazi katika miongozo yao kwamba kukosekana kwa mtu katika kitabu cha parokia au orodha ya zamani hakutachukuliwa kuwa ushahidi dhidi ya mwombaji. Ingizo lililopo lipokelewe kama ushahidi mmoja miongoni mwa mingine, pamoja na masimulizi ya wazee na viongozi wa ukoo.

Pili, majimbo ya Kanisa yasaidiwe kunakili vitabu vyao kabla unyevu na mchwa havijavimaliza. Kanuni ya 535 tayari inaagiza kwamba vitabu vya zamani vitunzwe kwa uangalifu. Unakili uhusishe ukurasa mzima pamoja na pambizo zake, na umiliki ubaki kwa parokia.

Tatu, ufikiaji uwe na ngazi. Uganda na Kenya zilitunga sheria za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo zitumike kuweka muda wa kungoja kwa maingizo ya watu walio hai na ya watoto wasio na baba aliyetajwa, na kuzuia faharasa yoyote inayopanga watu kwa kabila.

Nne, mabunge yaamue kuhusu fomu za sensa zenye majina. Ikiwa zinahifadhiwa, sheria itaje zitafunguliwa baada ya miaka mingapi. Ikiwa haziwezi kuhifadhiwa kwa usalama, sheria itamke hivyo, ili mwananchi asitumwe kutafuta kisichokuwepo. Uamuzi huu ni wa haraka zaidi sasa ambapo vishikwambi vimechukua nafasi ya fomu za karatasi, kama ilivyokuwa Kenya mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022.

Tano, vyuo vikuu vya kanda vifundishe usomaji wa nyaraka hizi kama somo la uhakiki wa matini, kwa kuwashirikisha wanaisimu, wanahistoria na wanasheria.

Mwanakijiji anayekwenda kwa paroko kumtafuta babu yake anastahili kuhudumiwa na mtu anayejua kwa nini ukurasa huo uliandikwa jinsi ulivyoandikwa. Akikuta jina, aelezwe uzito wake. Akikosa jina, aelezwe pia kwamba kitabu hicho kiliandikwa kwa ajili ya sakramenti, na kwamba babu yake alikuwepo hata kama hakuna aliyemwandika.